Wingu Lilianzia kwa Mjomba

Zlatina aliizima injini ya mjomba wake kwa kidole kimoja, akiwa ameketi ofisini Plovdiv na kipande cha mkate mtamu wa Pasaka mkono wa pili. Hakupanda gari, hakubisha hodi, hakumtazama mtu usoni. Alibonyeza tu, na kilomita karibu arobaini kutoka pale, kwenye mabanda ya vioo nje ya Pazardzhik, injini ya gesi ikapunguza sauti hadi ikanyamaza. Ilikuwa saa sita mchana, Jumapili ya Pasaka, na jua lilikuwa linachoma macho. Kisha akapiga simu, maana adabu ni adabu hata ikichelewa.

"Kristo amefufuka, Mjomba. Injini nimeizima."

"Kweli amefufuka. Nimeusikia ukimya. Utaniruhusu niiwashe lini?"

"Kabla jua halijapungua nguvu. Saa kumi na moja hivi."

"Jua la huko Plovdiv au la huku kwangu?"

Akacheka, mzee naye akacheka, wakaagana. Laiti angelijibu swali lile badala ya kulicheka, leo ningekuwa nazungumzia mambo mengine.

Mjomba Radoi alikuwa kaka wa mama yake, mkulima wa pilipili hoho, mwenye mabanda manne ya vioo na mdomo usiojua kupumzika. Baba yake Zlatina alipokwenda Uhispania kutafuta maisha, akayapata huko huko kwa mwanamke mwingine, ni pilipili za Radoi zilizomsomesha binti tangu kalamu ya kwanza hadi chuo kikuu. Kwa hiyo binti alipopata kazi kwenye kampuni ndogo ya kuuza umeme, alitaka kulipa wema kwa wema. Akamshawishi mzee aweke injini ya gesi. Umeme wake unakwenda kwenye gridi ya taifa, na moto wake unachemsha maji yanayopita kwenye mabomba katikati ya miche. Umeme utalipa gesi, joto utalipata bure, ndivyo alivyomwambia. Mzee aliipenda injini. Kilichomkwaza ni kisanduku cheusi walichokuja kukifunga ukutani.

"Hiki nacho kinafanya nini?"

"Kinaniwezesha kuizima injini nikiwa ofisini."

"Na kuiwasha?"

"Kuiwasha ni wewe, Mjomba. Ikishapoa inataka mkono wa mtu."

"Kwa hiyo kuzima mnaweza nyote, kuwasha ni mimi peke yangu," mzee akasema. "Sasa nimeelewa. Ni kama serikali."

Lakini alitia sahihi, kwa sababu aliyemletea karatasi alikuwa Zlatina. Angekuwa mtu mwingine angemfungulia mbwa.

Mtu atauliza, injini ya mkulima inazimwa kwa nini siku ya sikukuu? Nitaeleza mara moja tu, kwa hiyo nisikilizwe. Umeme hauwekwi ghalani. Unaozalishwa lazima uliwe papo hapo. Ukizidi ni balaa, ukipungua ni balaa. Kila kampuni inaahidi siku moja kabla itatoa kiasi gani, na kila robo saa nchi nzima inapimwa: nani ametimiza, nani amezidisha, nani amepunguza. Wasimamizi wa gridi kule mji mkuu, Sofia, wakiona umezidi, wanawaamuru wenye mitambo wapunguze. Ukipungua wanawaita waongeze, wanaanza na wa bei nafuu, wanapanda. Bei ya yule wa mwisho kuitwa ndiyo inayokuwa bei ya kila aliyekosea ahadi yake katika robo saa hiyo. Ofisini kwa kina Zlatina wanaiita bei ya mizani. Umeme ukizidi mno, bei hiyo inashuka chini ya sifuri, na hapo dunia inasimama kichwa chini: anayetoa umeme wa ziada analipishwa, na aliyeahidi kutoa akaacha kutoa anapewa pesa. Nchi ikipungukiwa, kibao kinageuka, aliyeacha kutoa ndiye anayekamuliwa. Uchungu wenyewe ni kwamba bei huijui mpaka robo saa imekwisha. Unacheza kwanza, unaambiwa baadaye kama umeliwa.

Pasaka ile viwanda vilikuwa vimefungwa na watu wote wako mezani na mwanakondoo wa kuoka. Baridi kavu ya kaskazini ilikuwa imefagia anga tangu Ijumaa Kuu, na paneli za jua zinapenda baridi ya namna hiyo kuliko zinavyopenda kiangazi. Bonde zima la Thrakia lilikuwa linamwaga umeme usio na mlaji. Wateja wa kampuni wenye paneli walikuwa wamezidisha ahadi zao bila hata kutaka, na kampuni ilikuwa inalipishwa kila robo saa kwa ajili yao. Dawa ilikuwa moja, kuzima kila injini inayozimika ili kundi lote la wateja wao lirudi kwenye kiasi lilichoahidi. Ya Radoi ilikuwa kubwa kuliko zote. Na mchana ule haikumdhuru mtu, kwa sababu jua lile lile lililoitesa kampuni ndilo lililovipasha vioo joto. Ndani ya mabanda zilikuwa nyuzi ishirini na tano, na maua madogo meupe yamefunguka mstari kwa mstari.

Maua hayo ndiyo msimu wote. Ua la pilipili hoho likipigwa na baridi linadondoka, na pale lilipodondoka hapatatokea pilipili. Mwaka uliotangulia mvua ya mawe ilikuwa imemvunjia Radoi vioo vya mabanda mawili. Msimu huu nao ukimponyoka, alishasema mwenyewe, anauza mabanda na kwenda kukaa kwa mwanawe Sofia, kwenye ghorofa ya saba, kuhesabu njiwa. Zlatina alilijua hilo, na ndiyo maana alikuwa anatazama joto la mabanda kwenye kompyuta yake kila baada ya muda, kama mama anavyochungulia kitanda cha mtoto mchanga.

Saa kumi kasorobo simu ikaita.

"Binti," mjomba akasema, bila Kristo wala amefufuka, "njoo uondoe wingu lako."

"Wingu gani, Mjomba?"

"La theluji. Limechomoza kwenye njia ya milimani, jeusi kama tako la sufuria. Nyumba ya kasisi siioni tena. Sasa hivi nilikuwa na shati mezani, ona nimevaa koti."

Zlatina akageuka dirishani. Plovdiv ilikuwa inametameta, vigae vyekundu, madirisha, magari yaliyoegeshwa, vyote vinarudisha jua. Utabiri waliolipia ulisema mawingu yatafika saa moja jioni.

"Ndani ni nyuzi ngapi?"

"Ishirini. Zilikuwa ishirini na tano nilipokuwa nakata nyama."

Akatazama kompyuta, ikasema ishirini. Wakati anatazama ikasema kumi na tisa.

Meza ya pili alikuwa amekaa Velizar, mwenye kampuni. Hakuwa mtu mbaya, na nalisema hilo mapema kabla hamjaanza kumchukia. Alikuwa mtu aliyeogopa. Majira yale ya kuchipua yalikuwa yamemkamua vibaya, na alijua kwamba robo saa moja ya hovyo ingeweza kumfungia mlango. Mbele yake alikuwa na yai jekundu la Pasaka, yale ambayo watu huyagonganisha mawili mawili na linalopasuka ndilo limeshindwa, na lake tangu asubuhi lilikuwa halijashindwa. Lilikuwa limelipasua yai la mkewe, la mama mkwe, la mlinzi wa jengo, na la Zlatina. Alikuwa analizungusha mezani kwa kidole.

"Mjomba anataka kuwasha," Zlatina akasema.

"Mwambie aendelee kula."

"Anasema kuna wingu la theluji."

Velizar akanyoosha kidole dirishani, kisha kwenye namba kubwa iliyokuwa ukutani. Namba hiyo inatoka Sofia, inaonyesha nchi imezidiwa na umeme au imepungukiwa, na kila kampuni nchini inaitazama hiyo hiyo. Ilikuwa inasema nchi imezidiwa, tena sana. "Umeme unafurika, Zlati. Bei iko chini ya sifuri tangu asubuhi. Ukiwasha sasa, tunalipa kwa kila tone atakalotoa. Unajua siri ya yai langu? Sigongi wa kwanza. Namwacha mwenzangu agonge."

Ningependa kusema kwamba Zlatina alimkatalia papo hapo, lakini hakumkatalia. Alimgeukia mjomba wake kwenye simu na kumwambia neno ambalo mpaka leo linamwasha kooni.

"Nivumilie robo saa moja, Mjomba."

"Mimi nitakuvumilia," mzee akasema. "Hawa wenye maua sijui. Hawajui robo saa ni nini."

Robo saa ile ilikwenda kama mgonjwa anayepanda ngazi. Zlatina alibaki na macho mawili, moja kwenye namba ya ukutani ambayo haikutaka kusogea, jingine kwenye joto la banda la nne, lililo upande wa magharibi, upande wa upepo. Kumi na nane. Kumi na saba. Kumi na tano. Vioo havina huruma. Jua likiondoka, joto linaondoka nalo mkono kwa mkono. Velizar alikuwa anapiga mluzi.

Simu ikaita tena, na safari hii alikuwa Nevena, mke wa mjomba, mwanamke ambaye hapigi simu mpaka mtu afe.

"Zlatina, unanisikia? Theluji inapiga vioo. Wageni wote wako kwenye banda la nne."

"Wanafanya nini?"

"Wanafunika. Tumetoa mashuka. Mashuka yameisha, nimetoa vitambaa vya meza. Kile cha mama yako cha kufuma pia nimekitoa, nyama nimeiweka kwenye benchi. Mjomba wako hasemi kitu. Unamjua, akiacha kusema ujue ni shauri jingine." Akavuta pumzi. "Mwanangu, yeye haniruhusu nikupigie. Anasema ulimwambia angoje, na yeye amekuambia atangoja."

Hapo roho ya Zlatina ilimchoma, na aliona aibu ambayo hajapata kuiona tangu utoto. Mzee alikuwa na mikono, injini iko mlangoni kwake, hakuna polisi wa kumzuia kuiwasha. Alichokuwa anangojea si kisanduku. Alikuwa anangojea neno la mtoto wa dada yake.

Akainuka kitini. Na alipoinuka macho yake yakaangukia kwenye orodha ya wateja, ile ambayo huwa haitazami sana kwa sababu kila mmoja ni mdogo. Paneli za mji wa Septemvri, magharibi kabisa ya bonde, zilikuwa zimelala. Hazikutoa kitu. Za kijiji kinachofuata zilikuwa zimeshuka nusu. Za Pazardzhik mjini bado zilikuwa juu, lakini zinatetemeka.

Sasa akaelewa, na kuelewa kwenyewe kulimtia baridi. Wingu lilikuwa limeingia bondeni kwa mlango wa magharibi, na mlangoni ndipo anapoishi mjomba. Kutoka pale upepo ungelisukuma mashariki, Pazardzhik, Plovdiv, mpaka Haskovo, likizima paneli moja baada ya nyingine. Namba ya ukutani haijui hayo, kwa sababu huchelewa. Inaonyesha nchi ilivyokuwa, si ilivyo. Na kwa namba hiyo hiyo iliyochelewa, kila kampuni ilikuwa imezima kila injini. Ni kama benchi la harusini ambalo wageni wote wamejazana upande mmoja kwa sababu upande wa pili kakaa bwana mnene. Bwana mnene akiinuka ghafla, mnajua wenyewe.

"Velizar, nchi inageuka."

"Namba inasema—"

"Namba ni ya zamani. Septemvri imezimika. Wingu linakuja huku na hakuna injini iliyo moto nchi nzima. Likifika hapa wenye paneli wetu wote watakuwa chini ya ahadi, na Mjomba naye tumemzima. Tutakamuliwa pande zote mbili."

"Na dirisha je?" Velizar akauliza. "Dirisha nalo ni la zamani?"

Jua lilikuwa limekaa kwenye yai lake jekundu, limeling'arisha. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na Velizar hakuwa na theluji shingoni. Zlatina akachukua simu, akaiweka mezani kwa sauti ya juu ili wote wasikie.

"Mpe Mjomba," akamwambia Nevena.

Zikasikika hatua, upepo, mtu anakohoa. "Nipo," mzee akasema.

"Washa."

"Wamekuruhusu?"

"Washa, Mjomba. Nakuomba."

Velizar akaliacha yai. "Zlati, mimi na wewe tumetoka mbali," akasema taratibu. "Lakini robo saa hii ikinifungia ofisi, usije kuniaga."

Zlatina aliinamia simu. Alikuwa anasikiliza. Fundi Gancho, anayeijua injini ile kama mkewe, alikuwa ameshakwenda ukweni tangu Jumamosi, na Radoi mwenyewe ndiye aliyempa ruhusa, kwa sababu nani anakaa na injini siku ya Pasaka. Kwa hiyo mzee alikuwa peke yake kwenye chumba cha injini, na glasi mbili za rakia, pombe kali ya matunda, tumboni. Wakasikia mlango wa chuma. Wakasikia akisema na injini kwa upole kama anavyosema na punda. Kisha kitufe, kisha mngurumo mfupi, kikohozi, na ukimya.

"Imekataa," mzee akasema.

"Mafuta yamepoa. Pampu ya mkono, Mjomba, ile ndogo chini kushoto. Pampu mpaka iwe nzito."

"Naijua iliko. Mimi ndiye niliyeipaka rangi."

Wakamsikia akipampu. Kwa mbali wageni walikuwa wanaitana, leta huku, vuta, usikanyage. Pumzi za mzee zilikuwa fupi, na katikati yake aliingiza matusi ambayo siku ya Pasaka sitayarudia. Kompyuta ikasema kumi na mbili. Ikasema kumi na moja. Zlatina alikuwa anamwomba Mungu kwa maneno ya kitoto, yasiyo na mpango, tafadhali, tafadhali, si yeye, niadhibu mimi.

Mara ya pili injini ikakohoa zaidi, ikafa. Mara ya tatu ikashika.

Sauti yake ikajaa kwenye simu mpaka simu ikakwaruza. Radoi akasema kitu ambacho hakikusikika. Kwenye orodha, mstari wa jina lake ukaanza kupanda, polepole, kama mzee mwenyewe anavyopanda ngazi za kanisa.

"Haya," Velizar akasema. "Sasa tuone."

Robo saa ikaisha. Baada ya kitambo bei yake ikatoka: chini ya sifuri, tena chini sana. Kila tone alilotoa Radoi wamelilipia. Velizar akaigeuza kompyuta ili Zlatina aisome mwenyewe.

"Hongera. Umemnunulia mjomba wako joto la bei mbaya kuliko lote nchini."

"Ngoja."

"Mzime."

"Ngoja, Velizar."

"Mzime, au nitamzima mimi."

Akanyoosha mkono kuelekea kitufe. Zlatina akakifunika kitufe kwa kiganja chake, akakiacha pale, na mwajiri wake akamtazama kama mtu aliyeng'atwa na paka wa nyumbani. Wamesimama hivyo, kiganja na mkono, ndipo mwanga ulipobadilika. Vigae vya ng'ambo vikapoteza rangi. Kivuli kikapita barabarani, kikapanda ukuta, kikaingia ofisini, na yai likawa jekundu la kawaida tu. Chembe ya kwanza ya theluji ikagonga kioo.

Velizar akaondoa mkono wake mwenyewe.

Namba ya ukutani ilianza kushuka kwa aibu, kisha bila aibu. Ikafika sifuri, ikavuka. Orodha yote ya wateja ilikuwa inazama, kasoro jina moja. Bila shaka wakati ule katika kila ofisi ya namna ile mtu alikuwa anampigia kelele fundi aliye ukweni, na kila fundi alikuwa anasema ngoja nivae viatu. Sofia waliita mitambo ya bei nafuu, haikutosha, wakaita ya ghali, haikutosha, wakaita ile ambayo haiitwi ila kwa shida. Bei ya robo saa ile ilipotoka, Velizar aliisoma mara mbili akakaa chini. Aliyekuwa amezima alilipishwa mpaka akahisi yuko uchi. Wao walikuwa wamepona, tena kidogo wamepata. Injini ya Radoi ilikuwa imewabeba.

"Ulijuaje?" Velizar akauliza. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetoka kwa daktari na majibu mazuri.

"Sikujua. Mjomba alisikia baridi."

Velizar akafikiri. Zlatina akamwona akifikiri, akaona uso wake ukichangamka taratibu, na akajua kitakachosemwa kabla hakijasemwa.

"Kesho wametabiri jua tena," Velizar akasema. "Tunamzima saa nne, tunakula faida ya mchana. Yeye yuko mlangoni kwa mawingu, sivyo? Pilipili zake zikianza kutetemeka, anatupigia, tunawasha kabla ya nchi nzima. Tutamlipa. Zlati, tumekaa juu ya dhahabu na hatukujua."

Yaani maua ya mzee yawe kengele yake. Zlatina aligeukia kompyuta. Alikuwa anatazama joto la banda la nne. Lilikuwa limeshuka mpaka nane, likakaa hapo muda mrefu, na sasa lilikuwa tisa.

Asubuhi ya Jumatatu alipanda gari.

Jua lilikuwa limerudi na theluji inadondoka mapaani. Uani kwa mjomba kamba zote zilikuwa zimejaa mashuka na vitambaa vya meza, vinachuruzika, na kile cha kufuma cha marehemu mama yake kilikuwa na doa la udongo katikati. Nevena alimbusu, akamtazama, akaonyesha kwa kidevu: huko.

Mabanda matatu yalikuwa mazima. Aliyapita mstari kwa mstari, maua meupe yako mahali pake. La nne, nusu ya mashariki ilikuwa imepona kwa vile vitambaa. Nusu ya magharibi ilikuwa na miche iliyosimama kijani kabisa, na chini yake, njiani, maua yamelala yamekuwa ya kahawia. Mjomba Radoi alikuwa ameinama anaondoa yale yaliyokufa yakang'ang'ania. Hakugeuka.

"Kristo amefufuka, Mjomba."

Hiyo ni salamu ambayo huwezi kuiacha bila jibu, hata kwa adui. "Kweli amefufuka," mzee akaiambia miche.

Zlatina akapiga magoti mstari wa pili, akaanza kuondoa maua. Yalikuwa yanatoka bila kuvutwa. Baada ya muda akasema, kwa sababu ilibidi mtu aseme, "Robo saa ile ya mwisho, Mjomba, kampuni ililipwa vizuri. Sehemu yako utaletewa."

"Mwambie Nevena. Yeye ndiye aliyevua meza nguo mbele ya wageni."

"Nilikuambia uningoje," Zlatina akasema. "Nilikuwa naangalia namba. Nilikuona unapoa, na nikaangalia namba." Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta, mikono ilikuwa michafu. "Nisamehe."

Mzee akanyooka, mkono kiunoni. Uso wake ulikuwa umechoka, haukuwa na hasira, na hilo lilimuuma Zlatina zaidi.

"Nusu banda halitanipeleka Sofia kuhesabu njiwa," akasema. "Nitaishi. Njoo."

Akamfuata mpaka chumba cha injini. Injini ilikuwa inanguruma, kuta zina joto. Kisanduku cheusi kilikuwa wazi, mfuniko wake sakafuni, na bisibisi juu yake.

"Nimesimama hapa tangu alfajiri," Radoi akasema. "Sijui waya upi ni wako na upi ni wa injini. Niliogopa kukata usio wako. Nionyeshe."

Zlatina aliujua. Ulikuwa wa chini, mwembamba, na alikuwa amesimama hapo hapo miaka miwili nyuma akimwangalia fundi akiufunga, akijivuna. Simu yake ikaanza kuita mfukoni. Ilikuwa inakaribia saa nne na nje hapakuwa na wingu. Hakuhitaji kutazama ni nani.

Hakumwonyesha. Alichukua bisibisi, akaulegeza mwenyewe, akauvuta. Taa ndogo ya kijani kwenye kisanduku ikazimika. Injini haikubadili hata sauti.

Radoi akautazama ule waya mkononi mwa mtoto wa dada yake. Kisha akaingiza mkono mfukoni, akatoa yai jekundu, la jana, ambalo hakuwa amegonga na mtu.

"Ukitaka kuizima sasa," akasema, "utapanda gari, utabisha hodi, na utanitazama usoni."

"Ndiyo, Mjomba."

"Haya. Yai lako liko wapi?"

Alikuwa nalo kwenye pochi, limefungwa kwa leso. Akalitoa, akalishika kwa mkono uliojaa udongo na maua, akamwacha mzee agonge wa kwanza. Simu ilikuwa bado inaita.